Mbweha Aliyeshinda Mjadala

Alikuwepo mbweha mmoja aliyekuwa fundi wa hoja, ingawa kwa mbio alikuwa wa kawaida tu. Siku moja aliwakuta kanga juu ya mgunga, akawasalimu kwa adabu zote, akawaomba washuke wakae naye kama majirani.

"Juzi mwenzako alimla dada yangu," alisema Bi Mize, mkubwa wa kanga.

"Pole sana, bibi. Lakini huo ni mfano mmoja. Kwa mfano mmoja unawahukumu mbweha wote? Hilo ni dai, ushahidi wake hautoshi."

"Na hayo meno yako?"

"Sasa unamshambulia msemaji, hoja umeiacha."

Kanga walinong'onezana. Mbweha akanogewa. Akajibu hata pingamizi ambazo hakuna aliyezitoa, kisha akafunga kwa hitimisho tamu hadi kanga wawili wakatokwa na machozi.

"Tumeshindwa," alikiri Bi Mize. "Hoja zako hazina tundu. Wewe ni bingwa."

Wote wakampigia makofi kwa mabawa.

"Basi shukeni!"

"Tushuke? Baba, tumekubali kushindwa, hatukukubali kuliwa."

Kundi zima likahamia tawi la juu zaidi.

Mbweha alirudi pangoni kifua mbele. Mkewe na watoto walikuwa wakimngoja tangu asubuhi.

"Umeleta nini?" aliuliza mkewe.

"Nimeshinda mjadala, mke wangu! Wote wamekiri!"

"Nimekuuliza umeleta nini."