Kiti Ng'ambo ya Barabara

Sheria ya jiji ilikuwa fupi: mtaa haupewi tuta la barabarani mpaka gari limuue mkazi wake. Matuta ya udongo waliyojijengea wenyeji yalifumuliwa na mashine kabla hayajakauka.

Ndipo majirani walipoanza kumpenda mno baba yake Mwanaidi, ambaye macho yake yalikwishafifia. Leo walimnunulia kiti, wakakiweka ng'ambo ya barabara.

"Kule kuna kivuli, mzee wetu," alisema jirani yao Faki. "Vuka ukapunge upepo."

"Mvushe mama yako!" Mwanaidi alifoka.

"Mama bado anaona vizuri, dada. Na watoto wetu wanapita hapa kwenda shule."

Mwanaidi alikifuata kile kiti, akakiburuta hadi katikati ya barabara, akakikalia, uso ukielekea magari yanakotokea.

Majirani walijaa barazani wakitazama. Hakuna aliyemwambia aondoke.