Siku ya Themanini na Tisa

Oliva alikuwa amebakiza kanuni moja ya kuingiza kwenye kompyuta ya ofisi ya vifurushi, Songea. Kila kanuni ilibebwa na neno moja: lazima, ruksa au marufuku.

"Mzigo ukikaa siku tisini," akasoma, "ni ruksa kurudishwa kwa aliyeutuma."

"Ruksa?" bosi akacheka. "Dada, hiyo mizigo itaota uyoga hapa! Weka lazima, kompyuta isibaki inajiuliza."

Oliva akatazama rafu ya juu. Sweta aliyomfumia mchumba wake ilikuwa bado pale, ndani ya karatasi ya kaki. Mchumba mwenyewe aliahidi kuipitia akitoka Namtumbo, kabla baridi haijaisha. Leo ilitimiza siku themanini na tisa.

Akafuta ruksa, akaandika lazima. Kisha akageuza kiti, akaukabili mlango.