Msiba wa Barua Pepe

Cornelia alianza kulia tangu barabarani, na wakwe zake wakaitikia nyuma yake, kuni na unga kichwani. Walipoingia uani kule Mollo, mama yake, Agnesi, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nani amekufa?" akauliza.

Kilio kikakatika. Walikuwa wametoka Laela kwa gari la kukodi kuja kumzika yeye. Barua pepe ilisema hivyo, tena yenye jina la tovuti ya Benjamini, kaka yake Cornelia, anakouzia mbegu za ulezi: mama mzazi amefariki, rambirambi zitumwe namba hii.

Benjamini aliapa kwamba hakuandika. Wakwe walimtazama kama mwizi wa kuku, wakaondoka bila kumaliza chai. Kuni waliziacha. Cornelia alilia upya, safari hii kwa aibu.

Loth, fundi wa kompyuta mjini, alimweleza Benjamini kwamba hakuna aliyeingia kwenye tovuti yake. Matapeli waliandika tu jina lake juu ya barua zao. Aliweka vizuizi alivyovijua, barua zikaendelea.

"Siku hizi wanaiga hata namba ya simu," alisema Loth. "Hata sauti."

Wateja wakamtukana Benjamini, wengine wakahama. Afanye nini? Uwongo wa mtu usiyemjua huna pa kuushikia. Kilichomuuma zaidi ni dada yake. Aliwapigia ndugu wote: wakisikia mama amekufa wasiamini, hata wakisikia kwa sauti yake mwenyewe. Cornelia ndiye aliyekuwa mgumu. Ilimchukua jioni nzima kumlainisha, mpaka akasema, "Haya, kaka. Nimekuamini."

Jumanne simu ya Cornelia iliita akiwa sokoni Laela na mama mkwe wake. Jina lilikuwa la Benjamini, sauti ya Benjamini, inalia, haimalizi sentensi. Mama, ilisema. Mama yetu. Cornelia akamkonyeza mama mkwe, akafungulia spika wote wasikie. Tangu siku ile ya aibu hawakuwahi kucheka pamoja, sasa wakacheka.

"Sauti ya kaka mmeipatia kweli," Cornelia akasema. "Hata kilio. Haya, huyo marehemu wenu mnisalimie."

Akakata.

Kule Mollo, Benjamini aliweka simu chini. Akafunua shuka usoni pa mama yake, akamfikishia salamu.