Miwani ya Bi Salha

Siku Tunu alipomsimulia mshauri wake, Bi Salha, jinsi alivyofiwa na mwanawe, mama huyo alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akasema kwa sauti iliyokatika, "Mwanangu, hili limeniingia mpaka mifupani."

Tunu alirudi nyumbani mwepesi. Kumbe duniani yupo mtu wa kumlilia.

Juma lililofuata aliwahi kufika, akakaa barazani kungoja zamu yake. Dirisha lilikuwa wazi. Ndani, mwanamume mmoja alikuwa akieleza jinsi ndugu zake walivyomtenga. Tunu alichungulia. Bi Salha alivua miwani, akaifuta kwa upindo ule ule.

"Mwanangu, hili limeniingia mpaka mifupani."

Hata sauti ilikatika pale pale.

Mwanamume alipotoka, alikuwa akitabasamu. Tunu aliingia, akaketi.

"Haya mwanangu, nieleze. Umeamkaje?"

"Dada yangu amefariki, Bi Salha. Tumemzika jana."

Tunu hakuwahi kuwa na dada. Alikaza macho kwenye mkono wa yule mama, nao mkono ulikwishaanza kupanda, taratibu, kuelekea kwenye miwani.