Petroli Tupu

"Pitisha kidole humu, mama," alisema Fundi Shomvi, akimwonyesha Bi Nyamizi silinda ya injini ya boti lake. "Unasikia mikwaruzo? Injini hii imeendeshwa kwa petroli tupu. Oili haikuionja."

"Haiwezekani! Petroli naichanganya na oili mwenyewe."

Ijumaa, siku injini ilipozimika, alichanganya? Alijiona kabisa akiinamia dumu, chupa ya oili mkononi. Lakini hiyo ilikuwa Ijumaa, au wiki ya nyuma yake? Kila alipoikumbuka, chupa ilikuwa mara wazi, mara ina kizibo chake. Na alikwisha kumfukuza Lugome, nahodha aliyemtumikia miaka tisa, mbele ya abiria kwa kuua injini.

"Tutaichonga silinda, tuweke pistoni kubwa zaidi," alisema fundi. "Itapona."

Lugome akatokea mlangoni mwa karakana.

"Shikamoo, mama. Nimesikia injini imefunguliwa. Nikasema nije nisaidie kuibeba."

Bi Nyamizi akakificha kidole chenye masizi ndani ya khanga.

"Marahaba," aliitikia, na doa jeusi likaanza kujitokeza upande wa pili wa kitambaa.