Gumba la Seremala

Mke wa seremala aliufunga upinde kwenye gunia kwa mikono yake mwenyewe. Msumeno ulikuwa umemla mumewe vidole viwili vya mkono wa kulia, na upote, uzi wa upinde, huvutwa kwa vidole vitatu bila gumba. Leo kaka yake mke alikuja karakanani kuuchukua upinde huo.

"Usihuzunike, shemeji," kaka alisema. "Kikombe cha chai si bado unakishika?"

"Nacho chanimwagikia," seremala akajibu. "Nipe kwanza niuage."

Akaufungua. Kwa vidole viwili vilivyobaki akabana mishale mitatu kiganjani, halafu akauvuta upote kwa gumba peke yake. Lilikuwa gumba nene, jeusi kwa gundi, kucha imepasuka katikati. Mke alitamani kugeuza uso, akashindwa.

Mkono ulizunguka kama wa mtu afukuzaye inzi. Mshale wa kwanza ulikuwa ungali hewani, wa pili ukitaka kuupita, na wa tatu ukiipigia kelele iusubiri. Ubao wa mwisho wa karakana ukabishwa hodi ya mgeni mwenye haraka, ko-ko-ko, na mke alikuwa hajaitoa pumzi aliyoivuta.

"Umejifunza lini haya?" akauliza polepole.

"Kila ukienda sokoni."

Mke akalikunja gunia, akalikalia.

Kaka hakuwasikia. Alikuwa akiutazama mkono wake mzima, akivikunja vidole kimoja kimoja, hadi likabaki gumba.