Kandambili ya Kijani

Mwanamke alikuwa amejitwika godoro, likamziba macho na masikio. Dereva Kizenga aliona miguu miwili tu ikikatiza reli, akapiga honi, akakaza breki hadi mabehewa yakalia. Treni iliposimama, alishuka, akapiga magoti, akachungulia chini ya magurudumu. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na kandambili moja ya kijani, na kule ng'ambo godoro lilikuwa likiyoyoma kati ya nyumba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Stesheni, mkuu wa kituo alimsogezea fomu. Ilikuwa na nafasi mbili tu: waliokufa, walioumia.

"Andika hakuna, tuendelee na kazi," alisema.

"Na mimi niandikwe wapi, mzee?"

Mkuu alicheka, akagonga muhuri. "Kanywe chai, Kizenga. Saa nane unarudi na treni."

Saa nane ilimkuta njiani, kandambili aliyoiokota ameiweka mbele ya kioo. Alipofika pale pale, akasimamisha treni. Abiria wakatoa vichwa madirishani. Kizenga alishuka, akailaza kandambili kando ya reli, akaigeuza ielekee majumbani, kisha akapanda tena.

Msaidizi wake, Semboja, mtu wa makamo kama yeye, alitazama mbele. Njia ilikuwa nyeupe.

"Bwana Kizenga, kuna mtu?"

"Hakuna."

Semboja akangoja treni iondoke. Nyuma abiria walianza kupiga miluzi.

"Hakuna mtu," Kizenga alirudia, na mkono wake bado umeng'ang'ania breki.